Mita moja na nusu ya pembeni ya gari langu

Nikizungumzia maegesho ya watu wenye ulemavu hapa Dar, watu wengi hudhani tunaomba kuegesha karibu na mlango. Husema hivyo kwa nia njema kabisa: "Ni haki yenu, msihangaike kwenda mbali." Mimi umbali haunisumbui sana. Natumia kiti mwendo, mikono yangu ina nguvu, na kwenye sakafu iliyonyooka naweza kukuacha nyuma. Ninachokosa ni nafasi ya kufungua mlango wa gari hadi mwisho. Leo nataka kulieleza jambo hili taratibu, kwa sababu naamini wengi wanaotuzibia hawajui wanaziba nini.

Gari langu ni Toyota IST, kama zile mnazoziona kila kona ya mji huu. Upana wake ni karibu mita 1.7. Maegesho mengi ya maduka niliyoyapima yamepigwa mistari kila baada ya mita 2.5, mengine 2.4. Toa 1.7 kwenye 2.5, zinabaki sentimita 80, na hizo ni za pande zote mbili. Ukiegesha katikati kabisa, upande wa dereva unabaki na sentimita 40. Mwenye miguu inayomtii atageuza kiuno, atajibana, atatoka. Kiti changu, kutoka ukingo wa gurudumu hili hadi la pili, kina sentimita 64. Hakuna namna ya kukibana.

Mgongo wangu uliumia kwenye ajali ya barabara ya Morogoro mwaka 2013. Matibabu na mazoezi yalichukua muda mrefu, na baadaye nikarudi kuendesha. Gari ni la otomatiki, na chini ya usukani fundi alinifungia mkono wa chuma uliounganishwa na pedali: nikisukuma mbele inashika breki, nikivuta kuelekea kwangu inaongeza mafuta. Kuendesha si tatizo, foleni ya Mandela naimudu kama dereva mwingine yeyote. Kazi ipo kwenye kutoka nje.

Nikishaegesha, nasogeza kiti cha dereva nyuma mpaka kigote. Kiti mwendo changu kimo garini kikiwa vipande vipande: magurudumu makubwa yako kiti cha nyuma, fremu iko kiti cha abiria na mto wa kukalia uko juu yake. Nafungua mlango hadi mwisho. Naivuta fremu ipite kifuani mwangu, kati yangu na usukani, naitoa nje na kuishikilia kwa mkono mmoja isianguke. Nageuka, nachukua gurudumu la kwanza, nachomeka ekseli kwenye tundu lake mpaka nisikie imenasa, kisha la pili. Naweka mto, naukagua kwa kiganja, maana kuanzia kiunoni kushuka chini sihisi kitu, na mto uliokaa upande unaweza kunipa kidonda cha kukaa nacho miezi. Nafunga breki za kiti. Nautoa mguu wa kulia kwa mikono, kisha wa kushoto. Ngumi moja kwenye kiti cha gari, kiganja kwenye fremu, najiinua na kuhamia.

Hayo yote yanafanyika pembeni ya mlango uliofunguka. Kiti lazima kikae karibu sambamba na gari, na mimi nipate pa kugeukia ili niondoke. Ndiyo maana Marekani, chini ya sheria yao ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, vipimo vinataka pembeni ya nafasi ya gari kuwe na ukanda mtupu wa inchi 60, yaani kama mita moja na nusu. Kipimo hicho si cha anasa. Nimekijaribu kwa tepu nyumbani kwangu Tabata, uani, mwanangu akishika ncha moja, na nikagundua kwamba ukipungua kidogo bado ninaweza kwa kujikunja, ila ukifika mita moja naanza kukwaruza mlango wa jirani.

Ukanda huo ndio unaochorwa mistari ya mshazari. Na mistari hiyo, hapa kwetu, ndiyo inayosomwa vibaya kuliko alama zote. Dereva anaona sehemu tupu ambayo haina mchoro wa kiti, anasema hapa si pa mlemavu, mlemavu ana pake pale. Anaingiza gari. Asipoingiza gari, ataegesha bodaboda. Asipokuja wa bodaboda, duka litapanga troli au kreti za soda. Nafasi yangu imebaki kama ilivyo, mchoro wa buluu unang'aa, ila mlango haufunguki.

Nikikuta hivyo wakati wa kufika, walau nina njia: nitazunguka, nitatafuta kona, nitarudi nyumbani. Kibaya ni kukuta hivyo wakati wa kuondoka. Jioni moja nilikuwa supamaketi moja upande wa Mikocheni, nimenunua maziwa na samaki wa kugandishwa. Nilipotoka nikakuta gari kubwa jeupe limekaa juu ya mistari ya mshazari, kioo chake cha pembeni kimekaribia kugusana na changu. Gari langu naliona. Ufunguo uko mkononi. Kuingia haiwezekani.

Mlinzi alikuwa kijana mdogo, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Alinijia mbio kabla sijamwita. "Mama, shikamoo. Nilimwambia, wallahi nilimwambia. Akaniuliza, unanijua mimi ni nani?" Nilimwambia asijali, tutamsubiri. Wakaja vijana wawili wenye roho nzuri, wakataka kunibeba waniingize kupitia mlango wa abiria. Nawashukuru hata leo, ila nawaomba wasomaji wangu mlielewe hili: kubebwa na mtu asiyejua pa kushika ni hatari. Anakushika kwapani, mwenzake anashika magoti, nguo inapanda mbele za watu, na mgongo wenye vyuma unapinda usivyotakiwa kupinda. Mwingine akasema nimpe ufunguo anirudishie gari nyuma. Ule mkono wa chuma chini ya usukani unamkanganya asiyeuzoea, goti lake likiugusa gari linaruka. Na ilikuwa usiku, na sikumjua.

Mwenye gari alipotoka aliniona, akaelewa papo hapo, akabadilika uso. "Samahani sana dada, nilikuwa nachukua mkate tu." Nikamjibu kwa upole kwamba mkate wake umenikalisha nje muda wote ule, na kwamba sehemu aliyoegesha ni mlango wangu. Hakuwa mtu mbaya. Alinisaidia kupakia mizigo, akataka kunilipia samaki walioanza kuyeyuka, nikakataa. Ninachokumbuka zaidi ni yule mlinzi, aliyesimama pembeni kimya huku akiwa ndiye pekee aliyekuwa sahihi tangu mwanzo.

Kwa hiyo kampeni yangu, kama inastahili kuitwa kampeni, inaanzia kwa walinzi. Katika mji huu, mtu anayelinda nafasi ya mtu mwenye ulemavu kwa vitendo ni yule kijana wa getini mwenye filimbi. Mshahara wake ni mdogo, mkataba wake haumlindi, na anayembishia ana gari la bei kuliko nyumba ya wazazi wake. Ukimwachia peke yake jukumu la kumzuia bosi, umemtupa. Ninapomwandikia meneja wa duka au benki, naomba kwanza aandike agizo, alisaini, alibandike kwenye kibanda cha mlinzi: nafasi hii na mistari yake haziegeshwi na asiyehusika, na anayebisha aletwe kwa meneja. Karatasi ile inampa kijana kitu cha kuonyesha. Hasemi tena yeye, imesema ofisi. Sehemu moja ninayokwenda kuchukua dawa walifanya hivyo, wakaongeza na koni mbili zenye mnyororo. Mlinzi akiliona gari langu linakata kona anaziondoa kabla sijasimama. Sijawahi kukuta pamezibwa tena pale.

Kuna swali ninaloulizwa mara nyingi, wakati mwingine na ndugu zangu wenyewe: una gari, wenzako wanakaa nyumbani hawana hata kiti, mbona unalalamikia maegesho? Naliheshimu swali hilo. Ni kweli wapo wenye ulemavu wengi wasio na baiskeli ya miguu mitatu, sembuse gari. Lakini tazama njia nilizonazo. Daladala ina ngazi, mlango mwembamba na konda anayehesabu sekunde. Kiti mwendo kinahesabiwa mzigo, kama kikikubaliwa. Mabasi ya mwendokasi, tangu yaanze Kimara kwenda Kivukoni mwaka 2016, yana kituo kilicholingana na sakafu ya basi, na hilo ni jambo kubwa ambalo nalisifu kila nafasi nikiipata. Hata hivyo asubuhi ya siku ya kazi, kwa msongamano ule, magurudumu yangu hayaoni sakafu. Na ukishuka, kati ya kituo na ofisi kuna mtaro usio na mfuniko. Gari kwangu ndilo linalonifikisha kazini Upanga, linalonipa mshahara, linaloniwezesha kumlipia mtoto ada. Lisiposimama mahali ninapoweza kutoka, linakuwa chumba cha kunifungia.

Posta, katikati ya jiji, ni habari nyingine kabisa. Pale tunaegesha kando ya barabara, gari nyuma ya gari. Sisi tunaendesha kushoto, usukani uko kulia. Maana yake ukiegesha ukingoni kushoto, mlango wa dereva unafungukia barabarani. Ule mchakato niliousimulia, wa fremu na magurudumu na mto, naufanya mgongo ukiwa kwenye njia ya bodaboda na bajaji. Wanapita wakinikwepa kwa kiganja kimoja. Halafu nikishakaa kwenye kiti nakuta ukingo wa njia ya miguu umenyanyuka, hakuna palipokatwa, kwa hiyo natembea barabarani na magari hadi nipate geti la jengo fulani lililoshushwa kwa ajili ya magari kuingia. Kwa maeneo kama hayo nafasi inayofaa ni ile ya mwisho kabla ya njia panda au ile ya kuegesha kwa mshazari, yenye ukingo ulioshushwa pembeni yake. Nimechoka kusikia kwamba Posta imejaa na haiwezekani. Palipojengwa kwa saruji panaweza kukatwa kwa patasi.

Kisheria hatuombi hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 9 ya mkataba huo inazitaka nchi kuondoa vikwazo kwenye majengo, barabara, usafiri, shule, hospitali na sehemu za kazi. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inayotambua haki yetu ya mazingira yasiyo na vikwazo kwenye majengo na huduma za umma. Barua zangu zote huitaja sheria hiyo kwenye aya ya pili. Aya ya kwanza huwa ni salamu na maelezo ya mimi ni nani, kwamba ni mteja wao na nitapenda kuendelea kuwa mteja wao. Nimeona hivi ndivyo barua inavyosomwa hadi mwisho.

Meneja mmoja aliniita tuzungumze. Alikuwa na hofu ya kweli: eneo lake ni dogo, kila nafasi moja ni mteja. Tulitoka nje na tepu. Nikamwonyesha kwamba nafasi zake tatu za kawaida, za mita 2.5 kila moja, zina jumla ya mita 7.5. Ukizigeuza kuwa mbili zenye ukanda wa mshazari katikati, umepoteza moja tu na umepata mbili za watu wenye ulemavu, na ukanda umekuwa mpana wa kutosha hata kwa gari lenye kushusha kiti kwa ubavuni. Mmoja anaingia kwa mbele, mwingine anaingia kinyumenyume, milango yote miwili ya dereva inaangalia katikati. Akacheka kwa furaha, akamwita fundi rangi wake palepale. Mazungumzo ya tepu yanafika mbali kuliko ya haki peke yake, hiyo ni imani yangu sasa.

Jambo moja nililomsisitizia ni kibao cha kusimama. Mchoro wa chini ni mzuri, lakini gari likiegeshwa juu yake hauonekani, na matairi na mvua za masika huufuta. Kibao kwenye nguzo kinaonekana hata usiku, na mlinzi ana kitu cha kunyooshea kidole. La pili ni sakafu. Mimi kokoto siziwezi, yale magurudumu madogo ya mbele yanazama na kiti kinataka kunimwaga. Mchanga vilevile. Pevingi zilizolala vizuri zinatosha. La tatu ni njia ya kutoka pale hadi ndani: kama kuna ngazi moja ya sentimita 15, mteremko wake unahitaji urefu wa karibu mita 1.8, kwa kile kipimo cha moja kwa kumi na mbili kinachotumika sehemu nyingi duniani. Nimeona miteremko ya nusu mita iliyosimama kama ukuta. Mtu aliijenga, akapiga picha, akaridhika.

Sasa, nani anaruhusiwa kuegesha hapo? Hapa nakwenda polepole. Siku moja nilimkuta mzee ametoka kwenye gari katika nafasi yetu, anatembea kwa miguu yake. Nilimwamkia shikamoo kabla ya yote, nikamuuliza kama anajua nafasi ile ni ya nani. Akanijibu, "Mwanangu, magoti yangu haya yamekwisha, hatua ishirini tu nakaa chini." Nikamwambia basi ni pake. Sina mizani ya kumpima mtu kwa macho. Mama mwenye mtoto wa miaka kumi mwenye mtindio wa ubongo, anayembeba mgongoni kwa sababu kiti chake hakitoki kwenye gari lililobanwa, naye ni pake, japo yeye dereva ana miguu yote. Na wenzangu wanaoendesha bajaji, ambao kwa miaka mingi wamepigania kuingia katikati ya jiji kutafuta riziki, nao wanahitaji pa kusimama bila kufukuzwa kila dakika. Maegesho yakizungumzwa kama suala la wenye magari tu, hao wanasahaulika.

Ndiyo maana napenda mfumo wa Uingereza. Wenzetu kule walianza kutoa kadi ya kuegesha mwaka 1971, na kadi ile ni ya mtu, haifungwi kwenye gari. Nikipanda gari la kaka yangu, kadi inakwenda na mimi. Kaka akienda peke yake, haimruhusu kitu. Tangu 2019, England waliongeza na watu ambao ulemavu wao hauonekani kwa macho. Kadi ya namna hiyo hapa ingemwondolea mlinzi kazi ya kukisia, na ingenizuia hata mimi kumsimamisha mzee wa watu kumhoji magoti yake. Hili nitaendelea kulipeleka kwenye vikao vya chama chetu, na kwa diwani wetu, ambaye alinisikiliza na kuniomba nimwandikie kwa ukurasa mmoja. Naandika.

Kwako unayeendesha: ukiona mistari ya mshazari pembeni ya mchoro wa kiti, pahesabu kama mlango wa mtu uliofunguliwa. Usisimame hapo hata kama umewasha taa za hatari, hata kama umeacha mtu ndani ya gari. Ukimwona mlinzi anabishana na mtu juu ya nafasi hiyo, simama upande wake kwa sauti. Sentensi moja kutoka kwa mteja mwingine, "Kaka, muache afanye kazi yake," humpa nguvu ambayo filimbi haimpi.

Na wewe unayejenga fremu za maduka, zahanati au kanisa hivi sasa, wakati pevingi bado ziko kwenye lori: mwite fundi, mshike tepu pamoja, mpime mita 2.5 za gari na 1.5 za mistari, upande ulio karibu na mteremko wa kuingilia. Kabla ya kumwaga saruji ya ukingo mwambie ashushe kipande cha mita moja na nusu palepale. Kwa wakati huo haitakugharimu hata mfuko mmoja wa ziada. Ukishamaliza na kufungua, niandikie hapa chini uko wapi, nije nifungue mlango wangu hapo.